Kipi cha jogoo na migongo ya mitetea: shajara ya banda langu

Julai 6

Kishingo, mtetea wangu asiye na manyoya shingoni, hakupanda kichanjani leo. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu wenzake sita walishajipanga, yeye kabaki chini karibu na debe la maji, kajikunyata, bawa la kulia limelegea. Wazo la kwanza likawa ugonjwa wa kideri, maana chanjo ya matone ya mwezi uliopita niliichelewesha kwa wiki mbili. Nikamshika na kumkagua. Kinyesi kizuri, macho makavu, pumzi haikoromi. Nilipoinua bawa ndipo nikaona: ngozi imechanika kuanzia chini ya kwapa kuelekea kiunoni, mpasuko mrefu kama kidole changu cha shahada, kingo zimeanza kukauka na katikati nyama nyekundu iko wazi. Nzi walishafika.

Nimechemsha maji, nikatia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, yakipoa nikaoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Manyoya yaliyozunguka kidonda nimeyapunguza kwa mkasi yasigande humo. Kisha dawa ya zambarau, GV. Naipenda kwa sababu moja zaidi ya kukausha: inaficha wekundu. Kuku akiona kitu chekundu kwenye mwili wa mwenzake anadonoa, na wakishaanza kudonoa hawaachi. Nimemlaza kwenye boksi jikoni.

Si kicheche, wala si kipanga. Kicheche angeng'ata shingo. Mpasuko huu ni mmoja, umenyooka, na uko ubavuni pale jogoo anapoteleza akiwa juu ya mtetea. Kesho usiku namshika jogoo.

Julai 7

Nimweleze jogoo kwanza. Ni wa aina ya Kuchi, nilimpata Shinyanga akiwa pora, yaani jogoo mchanga, sasa yuko mwaka wa tatu. Leo kwenye mzani wa ndoano amefika kilo 3.4. Miguu mirefu, kifua kimesimama, umbo la kuku wa mapigano hasa. Mitetea wangu ni wa kienyeji wa hapa Singida, wengi hawafiki kilo 2. Mzigo wa kilo 3.4 unasimama juu ya mgongo wa mtetea wa kilo 1.7. Hilo peke yake lilinipasa nilifikirie tangu siku ya kwanza.

Tumemshika saa tatu usiku, kijana wangu ameshika tochi. Usiku kuku haoni, anatulia. Nimemfunga kwenye khanga kuukuu, kichwa kimefunikwa, miguu imebaki nje. Vipimo kwa rula, nikifuata mkunjo: kipi cha kushoto milimita 52, cha kulia milimita 47. Vyote vimepinda kuelekea juu, ncha kali kiasi cha kutoboa gunia.

Neno lenyewe lina tabu kidogo. Kipi ni ile pembe inayoota upande wa ndani wa mguu wa jogoo, juu ya vidole. Wingi wake ni vipi, kwa hiyo nitaandika cha kushoto na cha kulia tusichanganyikiwe. Wengi hapa mtaani husema "kucha ya nyuma". Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini jogoo ana kidole cha nyuma chenye kucha yake halisi, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Julai 9

Kazi ya kupunguza ncha imefanyika. Naandika kwa kirefu kwa sababu nilikosea sehemu moja na damu ilitoka.

Kipi kimejengwa mara mbili. Ndani kuna mfupa uliochomoza kutoka kwenye mfupa wa mguu, una damu na una maumivu. Nje kuna ala, ngumu, ya kitu kile kile cha kucha na pembe ya ng'ombe, haina uhai. Mfupa unaishia kabla ya ncha, na mbele yake ni ala tupu. Hiyo ala tupu ndiyo ya kukata. Ukipita hapo umekata mfupa wa kuku aliye hai.

Kipi cha kushoto ni cheupe kama nta. Niliweka tochi ya simu nyuma yake, kivuli cha mfupa kikaonekana wazi, kikaishia kama nusu ya urefu. Nikatia alama kwa kalamu, nikaacha nafasi ya salama, nikakata milimita 14 kwa jino la msumeno wa chuma, taratibu, kijana ameshika mguu juu na chini ya kipi ili usitikisike. Halafu nikalainisha kwa tupa hadi ncha ikawa ya mviringo kama mwisho wa kidole gumba. Jogoo hakustuka hata mara moja.

Cha kulia ni cheusi. Tochi haikuonyesha kitu. Badala ya kukata kidogo kidogo, nilichukua kipimo cha kushoto nikakihamishia kulia, milimita 14 vilevile, na nikasahau kwamba cha kulia kilikuwa kifupi tangu mwanzo. Kwenye milimita ya mwisho jogoo akavuta mguu kwa nguvu na doa jekundu likatokea katikati, dogo kama punje ya uwele. Nikabandika unga wa ngano kwa pamba nikabana dakika kumi kwa saa. Damu ilikata. Lakini yule ndege alikuwa anatetemeka ndani ya khanga, nami nilimsikia mapigo yake kwenye kiganja.

Kipi cheusi hakikatwi kwa msumeno tena kwenye banda hili. Ni tupa tu, kidogo kila mara, na rangi ikibadilika katikati naacha hapo hapo.

Julai 10

Jogoo amelala banda la peke yake, anakula, hachechemei. Kishingo amekunywa maji na kula dagaa niliowasaga. Nimemwosha tena, hakuna harufu.

Shangazi alipita asubuhi. Alimtazama jogoo akatikisa kichwa. "Umemvua silaha, mwanangu. Kicheche akija nani atapiga?" Nilimjibu kwamba kicheche huja usiku, na usiku mlinzi ni mlango wa banda. Hilo alilikubali. Kuhusu kipanga yuko sahihi: jogoo huyu nimemwona kwa macho yangu akirukia kipanga mbele ya vifaranga. Ndiyo maana sikung'oa. Nimebakiza kipi kifupi, butu, anaweza kupigia lakini hakichani.

Ndipo akanieleza njia ya kiazi. Unachemsha kiazi mviringo, unakichomeka kwenye kipi kikiwa cha moto, unasubiri dakika kadhaa, ala inalainika, kisha unaisokota kwa koleo inachomoka nzima. Njia hiyo ipo kweli na wafugaji wengi wanaitumia, ala inatoka kama kofia. Sitaitumia. Kiazi kikigusa ngozi ya mguu kinaunguza, na ala ikitoka mfupa unabaki uchi, laini, unavuja damu ukigongwa na jiwe lolote mpaka ugumu mpya ujijenge baada ya wiki kadhaa. Uwanja wangu ni mchanga na vipande vya mawe. Jirani mmoja alifanya hivyo mwaka juzi na jogoo wake akavimba mguu mpaka akamchinja.

Julai 17

Jogoo alirudi kundini tarehe 12. Ncha ni butu. Nilitarajia habari imeisha.

Leo nimewakagua mitetea wote mmoja mmoja. Hakuna mpasuko mpya wa kina, hilo ni jema. Lakini mtetea mwenye madoa, yule anayetaga yai kubwa, mgongo wake uko uchi kuliko wiki iliyopita, na kwenye ubavu kuna mikwaruzo minne mipya, membamba, imekaa sambamba kama imepigwa reki. Kipi ni kimoja kila mguu. Hakiwezi kuchora mistari minne.

Nikakaa kwenye kigoda kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili kasoro, daftari mkononi, sikufanya kazi nyingine. Jioni ndiyo saa ya jogoo, anapanda sana wakati huo kuliko asubuhi. Nilihesabu mara 14. Kati ya hizo, sita zilikuwa kwa huyo mwenye madoa.

Na niliona jinsi inavyokuwa. Anamdaka kwa mdomo nyuma ya upanga wa kichwani, anapanda, kisha anakanyaga kanyaga kutafuta usawa, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Mtetea mdogo, jogoo mzito, manyoya ya mgongoni yanateleza. Anapokaribia kuanguka anakunja vidole kushika. Kucha zote zinazama. Kipi kilikuwa juu, hakikugusa kitu.

Kipi kinachana siku jogoo anapoteleza vibaya. Kucha zinakwaruza kila siku. Nami nilishughulikia la kwanza tu kwa kuwa ndilo lililonionyesha damu.

Jambo la pili liko kwenye daftari langu lenyewe. Nimeandika mitetea 11 kwa jogoo 1, na kila mtaalamu wa mifugo atakwambia jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi ni sawa. Lakini leo uwanjani walikuwa sita. Wawili wanaatamia, wawili wana vifaranga na wanamfukuza jogoo akisogea, Kishingo yuko jikoni. Kuku wa kisasa hawaatamii, hesabu yao haibadiliki. Wa kienyeji hupokezana kutoka, na wanaobaki uwanjani ndio wanaobeba mzigo wote.

Julai 18

Kucha. Jogoo kafungwa khanga tena, tochi tena. Kucha nane, mbili kati ya hizo za vidole vya nyuma zilikuwa zimepinda kama ndoano. Kuku anayetembea kwenye ardhi ngumu huzisaga mwenyewe, ila huyu banda lake la usiku lina maranda na mchana hukaa mchangani. Nimekata ncha kwa kikata kucha kikubwa, nikaacha mbali na mshipa, kisha tupa. Tupa ndiyo iliyofanya kazi halisi, kwa sababu kucha iliyokatwa bila kulainishwa ina kingo kali kuliko ile ya mwanzo.

Nimepitisha ncha zote kwenye ngozi ya ndani ya mkono wangu, moja moja. Iliyokwaruza nimeirudia.

Agosti 2

Matandiko. Hivi ndivyo tumeviita vile vitambaa vya kumvika mtetea mgongoni, kama tandiko la punda.

La kwanza nililishona mwenyewe kwa kitenge. Likawa jepesi mno, likakunjamana katikati na jogoo akaliparua siku ya pili. Nikaenda kwa fundi cherehani pale sokoni na suruali ya jinzi iliyochakaa. Alicheka mpaka nilipomfungulia kapu akaona mgongo wa yule mwenye madoa. Akanyamaza, akachukua chaki. "Niletee huyu huyu, dada, nimpime."

Kipimo kilichofaa kwa mtetea wa kilo 1.7: urefu sentimita 20 kutoka chini ya shingo hadi karibu na mkia, upana sentimita 15, nyembamba kidogo mbele. Jinzi tabaka moja juu, kitambaa laini cha fulana chini upande wa ngozi. Lastiki mbili zinapita chini ya mabawa. Mkia usifunikwe, maana mtetea lazima aweze kuusogeza kando jogoo anapopanda, vinginevyo mayai hayatakuwa na mbegu.

Lastiki ilikuwa kosa letu la kwanza. Ilibana. Siku ya nne nikakuta ngozi ya kwapa imechubuka na kuwa nyekundu, yaani tulikuwa tunamtibu mahali pamoja tukimuumiza mahali pengine. Fundi akazilegeza hadi vidole vyangu viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Tangu hapo hakuna mchubuko.

Kila wiki tandiko linavuliwa. Chawa na utitiri wanapenda giza la chini ya kitambaa, na wiki ya kwanza nilikuta mayai ya chawa yameganda kwenye mashina ya manyoya. Nimefua matandiko kwa maji ya moto, nimeyaanika juani, mitetea nimewawekea beseni la majivu na mchanga wajipake.

Watatu wamevaa sasa. Siku mbili za mwanzo walitembea kinyumenyume.

Agosti 13

Zamu ya jogoo imeanza. Nimemjengea kizimba cha waya mita 2 kwa 3 pembeni ya uwanja, anawaona na wanamwona. Siku mbili ndani ya kundi, siku tatu kizimbani.

Kilichonipa ujasiri ni kwamba mtetea hahitaji jogoo kila siku. Mbegu anazihifadhi mwilini, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu siku kumi hadi kumi na nne baada ya kupandwa mara moja. Kwa hiyo mara 14 za jioni moja zilikuwa nyingi kuliko hitaji lolote la kutotolesha.

Kuna namna ya kumrudisha. Mara ya kwanza nilimfungulia saa kumi jioni. Alitoka kama mshale, na katika dakika ishirini alimpanda mwenye madoa mara nne. Sasa namwingiza usiku, namweka kichanjani akiwa amesinzia. Akiamka nao asubuhi, kila mmoja anatoka na njaa yake, anapoa.

Agosti 27

Siku ya 7 ya mayai 14 yaliyowekwa chini ya mtetea mweusi. Nimeyapima kwa mwanga wa simu gizani. 12 yana mishipa, 2 ni meupe. Mwezi wa Mei, jogoo akiwa kundini siku zote, nilipata 12 kati ya 13. Tofauti ni yai moja, na katika kundi dogo kama hili siwezi kuiita hasara.

Kishingo kidonda kimefunga. Kimebaki kama mshono wa rangi ya waridi. Sijamrudisha kwa jogoo bado. Kuku wa aina yake hawakosi manyoya shingoni tu, mwili mzima wana manyoya machache kuliko wenzao, kifuani na ubavuni hasa. Ndiyo sababu aliumia yeye. Atavaa tandiko lake kwanza, lenye mbawa za pembeni zinazoshuka hadi ubavuni. Fundi ameshalikata.

Septemba 4

Nimekagua, na mwenye madoa ana majeraha mapya mgongoni siku ambayo jogoo alikuwa kizimbani. Tandiko lilikuwa limefuliwa, hakuvaa.

Ni mapora. Ninao wawili wa miezi mitano, na kipi chao bado ni kibonge tu kisichozidi punje ya mahindi. Nilikuwa siwahesabu. Nimeketi tena na daftari: wanamkimbiza mtetea wawili kwa pamoja, mmoja anadaka manyoya ya shingo, mwingine anapanda, hawajui kusimama, wanang'oa manyoya kwa mdomo. Jogoo mkubwa akiwepo huwafukuza. Nilipomtoa yeye kwa ajili ya amani, niliwaachia wao uwanja.

Mmoja tumemla Jumapili. Mwingine hawezi kukaa kizimba kimoja na jogoo mkubwa, kwa hiyo yuko kwenye tenga kubwa mpaka mnunuzi aje. Hesabu ya majogoo lazima ijumuishe kila pora anayejaribu kuwika.

Septemba 11

Vifaranga 11 wametotolewa jana chini ya mtetea mweusi. Yai moja lilikufa ndani.

Oktoba 8

Vipimo. Kushoto: kilibaki milimita 38 baada ya msumeno, sasa 40. Kulia: kilibaki 33, sasa 34, na pale palipotoka damu pameziba kwa ala mpya nyeusi, ngumu. Nimepitisha tupa kwenye ncha na kucha zote nane. Kazi nzima dakika kumi na mbili. Tupa kila baada ya wiki sita inatosha, msumeno sitauhitaji tena kama sitazembea.

Migongo ndiyo inayochelewa. Unyoya uliong'oka na shina lake huota upya, nimeona vijiti vya buluu vimejitokeza kwa mtetea mweupe ndani ya wiki tatu. Lakini unyoya uliokatika na kuacha kisiki unabaki hivyo hivyo mpaka kuku apukutishe manyoya yote. Mwenye madoa ana visiki vingi. Nilitamani kuving'oa ili vipya viote, nikaacha. Manyoya machanga yana damu ndani, yakivunjika wenzake watadonoa. Nimeongeza dagaa kwenye chakula, na mashudu ya alizeti hapa kwetu hayakosekani. Manyoya ni protini, hayajengwi na pumba tupu.

Novemba 11

Mawingu ya kwanza. Mwenye madoa aliacha kutaga katikati ya Oktoba, akapukutisha manyoya banda zima likajaa, akaonekana mgonjwa wiki mbili. Leo asubuhi nimemvua tandiko. Mgongo umefunikwa. Nimepitisha mkono kutoka shingoni hadi mkiani na sikugusa ngozi popote, manyoya mapya yana mng'aro kama mafuta.

Kishingo alirudi kundini tarehe 20 Oktoba na tandiko lake lenye mbawa. Amepandwa, nimeona kwa macho, na jogoo aliteleza ubavuni kwake jinsi anavyoteleza siku zote. Nikamshika palepale, nikainua kitambaa. Ngozi ilikuwa na mstari mweupe wa kukwaruzwa, haukutoa damu, na baada ya dakika chache ulitoweka.

Shangazi alikuja kuomba jogoo akae kwake wiki mbili, mitetea wake wanataga mayai matupu. Nimemkubalia. Nimempa pia tupa, na kesho jioni nitakwenda nimwonyeshe jinsi ya kushika mguu.